Kikundi cha Ukoo: Sangari ya Uwanja wa Bibi

Jumapili, saa 2:05 asubuhi

Aikande: Shikamooni wakubwa zetu, na wengine habari za Jumapili. Kama mnavyofahamu, kipaimara cha Baraka ni Desemba na maturubai yatasimama kwenye uwanja wa Bibi, mbele ya nyumba kubwa. Jana jioni Upendo alinitumia picha, nikasikitika sana, kwa sababu ukoka alioupanda marehemu Baba umebaki vipande vipande kandokando ya kibaraza, na kwingine kote pametawaliwa na gugu la sangari. Naomba leo tukubaliane nani atafanya nini na kila mmoja atachangia kiasi gani, ili kesho nianze kutafuta vijana wa kulima.

Saa 2:31

Aikande: Naona wengi mmesoma. Naomba majibu, tafadhali.

Saa 3:10

Godlisten: Dada, mimi niko ibadani. Napendekeza sangari iombewe kwanza, huenda ikaokoka ikawa ukoka.

Aikande: Godlisten, rudisha simu mfukoni umsikilize mchungaji.

Saa 4:02

Elinami: Shikamooni. Kabla hatujaita vijana, naomba Upendo ang'oe shina moja pamoja na kilicho chini yake, atupigie picha ya karibu. Ikiwa shina lina pembe tatu na chini kuna vinundu vyeusi kama punje za njugu, hiyo ni ndago na shughuli yake ni nyingine. Ikiwa kuna mizizi mieupe yenye vifundo na ncha kali, inayosafiri chini kwa chini, hapo ndipo tutaizungumza sangari.

Saa 5:20

Upendo: *[Picha]* Nimeng'oa hapa karibu na bomba la maji. Kipande kirefu kimekatikia ardhini, na hiki mnachokiona kilikuwa kimepita chini ya tofali la ukingo wa maua na kuchipua upande wa pili.

Elinami: Ni sangari yenyewe, ile ambayo wataalamu huiita *Digitaria abyssinica*. Haikutoka ng'ambo, ni nyasi ya Afrika hii hii, na kila aliyewahi kupalilia kahawa anaifahamu. Hicho tunachokiita mzizi kwa kweli ni shina linalotambaa chini ya udongo, na kila kifundo chake kina jicho. Kijana wa kibarua akipiga jembe la kawaida, shina moja linageuka vipande vingi, na kila kipande chenye jicho kinaweza kuwa mche mpya, kwa hiyo tusishangae kwamba baada ya palizi ya Pasaka, ambayo wote tuliisifu, uwanja uliharibika kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Saa 5:48

Aikande: Basi jembe tuliache, tupulizie dawa. Nilituma hela ya dawa mwaka jana, na hadi leo hakuna aliyenieleza iliishia wapi.

Upendo: Dada, dawa ilinunuliwa na ikapuliziwa. Haikuunguza hata jani moja la sangari, ila nyanya na maharage ya Bibi yalijipinda, majani yakawa membamba kama nyuzi, tukavuna kikapu kimoja tu.

Elinami: Nilikiona kile kibuyu nilipokuja Krismasi, ilikuwa 2,4-D. Dawa hiyo inaua magugu ya majani mapana na kuiacha jamii ya nyasi, ndiyo maana hutumika kwenye mahindi. Muuzaji aliombwa dawa ya magugu, akatoa dawa ya magugu, wala hakuuliza ni magugu gani. Shida yetu ni kwamba sangari na ukoka wote ni jamii ya nyasi, hivyo dawa ya dukani itakayoimaliza sangari itaondoka na ukoka pia.

Glifosati ingeweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu inaingia kwa majani na kuteremka hadi kwenye mashina ya chini. Lakini inahitaji majani mabichi yanayokua, na sasa ni Septemba. Majani yamejikunja kwa ukavu na yamejaa vumbi. Ingetupasa kusubiri mvua za vuli au kumwagilia hadi yachipue vizuri, tupulizie siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua, tungoje kama wiki mbili majani yakauke, kisha tupulizie tena yale yatakayoibuka. Ukihesabu hivyo, Desemba wageni watakaa kwenye udongo mtupu. Na atakayenunua, asome lebo aone kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wale wenye makao yao Ngaramtoni, badala ya kuchukua chochote kilichopimwa kwenye chupa ya soda.

Godlisten: Mchungaji amemaliza. Mahubiri ya Elinami yamekuwa marefu zaidi.

Saa 7:15 mchana

Shangazi Ndeshi: Marahaba wanangu. Mimi nauliza jambo moja tu. Mkipulizia hiyo dawa, ng'ombe wa Mama atakula nini? Kila asubuhi anakata majani hapo hapo uwanjani kabla majani ya migomba hayajaletwa. Nyinyi mnaiona adui, yeye anaiona lishe.

Aikande: Shangazi, tutanunua majani kwa muda huo. Naomba tusikwame hapo.

Shangazi Ndeshi: Nani atayanunua, wewe uliyeko Dar es Salaam?

Saa 10:40 jioni

Baba Mdogo Anaeli: Nawasalimu wote. Nimesoma kila neno. Aikande, nakuuliza kwa upole, kwa nini picha imepigwa kuanzia upande wa kwangu, ilhali sangari iko uwanja mzima?

Aikande: Shikamoo Baba Mdogo. Sikuwa na nia mbaya. Lakini kwa kuwa umeuliza, sote tunajua nyasi hizi hazikuwapo kabla ya lile lori la udongo, na tunajua zilianza kuingia wapi. Zilianza pale masale, mimea yetu ya mpaka, yalipong'olewa.

Baba Mdogo Anaeli: Masale hayajawahi kuzuia sangari, kwani sangari inapita chini yake. Na lori unalolisema lilimwaga udongo pande zote mbili, nusu ya hela ikiwa ya marehemu baba yako, naye hakulalamika hadi anaingia kaburini. Habari ya masale tuliimaliza mbele ya mzee wa kanisa.

Aikande: Tuliizungumza. Kuimaliza ni jambo jingine.

Saa 11:05

Elinami: Wapendwa, naomba niseme kama mtu wa kilimo tu. Baba Mdogo ana haki kuhusu masale, na dada ana haki kwamba upande mmoja ukisafishwa peke yake, mwingine utaurudishia. Tukitaka kazi idumu, lazima pawe na mfereji mwembamba wa kina cha futi moja na nusu hivi, uwekewe mabati chakavu yaliyosimamishwa, ili mashina yanayosafiri yakutane na ukuta. Swali ni mfereji huo upite wapi.

Saa 11:06

Elinami: Namaanisha upite wapi kitaalamu.

Saa 11:50

Godlisten: Mimi napendekeza uchimbwe na walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Saa 1:25 usiku

Upendo: Nimemsomea Bibi ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine, nikaruka wa Godlisten. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia niandike kama anavyosema, nisiongeze wala kupunguza. Amesema hivi: "Sumu haipuliziwi mahali alipolala babu yenu, wala mahali ninapokata majani ya ng'ombe. Anayetaka uwanja safi aje ashike jembe, nami nitakaa hapa kibarazani nimwangalie. Masale nitayapanda mimi kwa mkono wangu, na Anaeli ndiye atakayenishikia vipande."

Saa 2:30 usiku

Shangazi Ndeshi: Amina.

Saa 3:12 usiku

Baba Mdogo Anaeli: Mama amesema.

Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Aikande: Basi dawa imeondoka mezani. Elinami, tupe njia nyingine, na uandike kwa ufupi.

Elinami: Nitajitahidi. Tusijaribu uwanja mzima kabla ya Desemba, hatutauweza. Tuchukue kipande cha kuanzia kibaraza hadi kwenye mparachichi, ambapo ukoka wa Baba bado unapumua na ndipo watakapokaa wazee siku ya sherehe. Hapo tulowanishe udongo jioni, asubuhi tuingie na jembe la meno, tusitumie lile la kawaida, tuinue bonge zima na kulikung'uta taratibu ili shina la chini litoke refu lilivyo. Mtu akilivuta kwa hasira litakatika, na kinachobaki ndani kitarudi na mvua ya kwanza, kwa hiyo kila wiki mmoja apite na kuchokoa kinachochomoza kikiwa bado kichanga. Majani apewe ng'ombe. Mashina ya chini yaanikwe juu ya mabati hadi yavunjike mkononi kama vijiti, wala yasitupwe kwenye shimo la samadi, maana tukifanya hivyo tutayapeleka wenyewe kwenye kihamba chote, yaani shamba zima la nyumbani, mwakani. Kwingine pafyekwe chini tu. Mgeni mwenye sahani ya pilau mkononi hatauliza jina la nyasi.

Wapo watakaoshauri kulaza nailoni angavu juani ili joto liue kila kitu. Kwa mtu wa Kahe, kule kwenye joto, ningesema ajaribu Januari na Februari, aiache wiki nne hadi sita. Kwa baridi ya kwetu Machame siitegemei. Ukoka mpya tuupande masika, kwa vipande vya ule wa Baba.

Saa 4:18 asubuhi

Joyce: Samahani kwa kuchelewa, nimeona sasa hivi. Huku Kampala nyasi hiyo inaitwa lumbugu, na mama wa jirani yangu anaichambua kwa mkono akiwa amekaa kwenye kigoda, anamaliza kipande kidogo kila siku. Mchango ni shilingi ngapi?

Aikande: Kiasi nitakitaja nikishajua kama tunahitaji vijana wawili au wanne. Nimepanga Jumamosi hii. Elinami aje na majembe mawili ya meno kutoka Arusha, Upendo alowanishe udongo Ijumaa jioni, na Baba Mdogo, kwa heshima zote, naomba uwepo ili kama tutafika karibu na mpaka uonyeshe mwenyewe.

Saa 8:33 mchana

Aikande: Baba Mdogo?

Saa 12:10 jioni

Baba Mdogo Anaeli: Jumamosi kuna mkutano wa ushirika wa kahawa. Nikitoka mapema nitapita. Vipande vya masale ninavyo, mwambieni Mama. Habari ya mfereji msiiguse kabla sijafika.

Elinami: Mimi nitafika saa nne, ila jembe la meno ninalo moja tu.

Godlisten: La pili liko kwangu Mwanza, na nauli yake mnaweza kuichanga.

Shangazi Ndeshi: Anayekuja Jumamosi asisahau sukari ya Mama, imeisha tangu juzi.