Wakuu, pawa saplai ya kompyuta ya gemu: wati 500 au 1000? Nipo Arusha

ChaliiWaSakina
Heshima kwenu wakuu. Naunga kompyuta ya gemu, vitu karibu vyote ninavyo, imebaki pawa saplai tu, lile boksi la kulisha vifaa umeme. Kila ninayemuuliza ana namba yake: huyu 500, yule 750, mwingine ananiambia chukua 1000 ulale usingizi. Naogopa kuunguza mazabodi (bodi kuu), hela ya kununua nyingine sina. Je, wati 1000 inaweza kuzidisha umeme ikaua vifaa? Nijibuni mapema, kesho asubuhi natakiwa nitoe jibu mjini.

MamaAmani
Mwanangu, hizo hela ungeongezea ukashika kiwanja Ngaramtoni. Gemu halina hati.

KahawaChungu
Nunua PlayStation. Saplai imo humo humo ndani, unachomeka ukutani, unacheza. Uzi ufungwe.

Pini24
Saplai haisukumi wati, vifaa ndivyo vinavyovuta. Mashine ikihitaji 350, saplai ya 1000 itatoa 350. Kinachoua ni saplai mbovu, iwe ya wati ngapi. Taja prosesa na kadi ya grafiki. Na hilo jibu la kesho unampelekea nani?

ChaliiWaSakina
Asante mkuu. Ryzen 5 5600, RAM GB 16, SSD moja, kesi ina feni tatu za taa.

Pini24
Umetaja mpaka taa za feni, kadi umeiruka.

ChaliiWaSakina
RTX 3070, ya mtumba lakini safi. Ina matundu mawili ya pini 8.

Pini24
Sawa, sasa tuhesabu. RTX 3070 ni wati 220. Ryzen 5 5600 imeandikwa 65 ila inaruhusiwa kufika 76. Mazabodi, RAM, SSD na feni wape 50. Unakaribia 350. NVIDIA wanashauri saplai ya 650 kwa kadi hiyo, na wana sababu: kadi za kundi la 30 huruka kwa milisekunde chache zikapita mbali wati zake za kawaida. Saplai dhaifu hapo inazima mashine yote katikati ya gemu, na wewe unalaumu umeme wa mtaani. Tafuta 650 ya uhakika. Hujajibu la kesho.

RauMadukani
Moshi hapa. Msimsahaulishe UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. 650VA siyo wati 650, nyingi zinaishia kwenye 360 hivi. Hizo 350 za ndani gawa kwa 0.85, maana saplai yenyewe inapoteza kidogo, ukutani zinavutwa kama 412. UPS ndogo umeme ukikatika itapiga kelele mara moja na kuzima pamoja na mashine.

ChaliiWaSakina
Haya, niseme. Nimeshatoa kishika uchumba elfu 40 kwa saplai ya wati 1000, bei yake elfu 90. Ni mpya, iko kwenye boksi, imeandikwa 80 Plus Gold (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), feni yake kubwa. Muuzaji kanipa na adapta ya kutoa waya wa SATA (ule wa kulisha diski) uwe pini 8, kwa sababu saplai ina waya mmoja tu wa kadi. Naona sijakosea sana, 1000 inafunika 650 bila shida.

Pini24
Elfu 90 kwa wati 1000 za Gold? Dogo, igeuze ubavu utusomee stika ya chuma. Siyo boksi.

ChaliiWaSakina
Nilipiga picha dukani. +3.3V 28A, +5V 30A, +12V 22A. Nyuma kuna swichi nyekundu ya 115/230.

Pini24
Volti mara ampia. 12 mara 22 ni wati 264, na kadi yako na prosesa vyote vinakula kwenye hiyo 12. Vinataka karibu 300 kabla hata feni haijazunguka. Jumlisha na laini nyingine: 5 mara 30 ni 150, 3.3 mara 28 ni 92. Zote pamoja 506. Elfu imetoka wapi? Na ukiona laini ya 5V imejaziwa ampia huku 12V imenyimwa, huo ni muundo wa zamani, enzi prosesa zilikuwa zinakula kwenye 5V.

Adapta ya SATA irudishe leo leo. Plagi ya SATA imeruhusiwa ampia 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54. Tundu la pini 8 linaweza kudai 150. Plastiki itayeyuka kabla hujamaliza misheni ya kwanza.

SoketiTatu
Mimi nanusa chai humu. 80 Plus yoyote inataka pawafakta (kipimo cha jinsi saplai inavyovuta umeme wa ukutani vizuri) ya 0.9 kwenda juu. Kwa kawaida saplai yenye uwezo huo inajirekebisha yenyewe kuanzia volti 100 mpaka 240, haina haja ya swichi nyekundu. Gold na swichi nyekundu havikai boksi moja. Halafu mtu anayejua kuhesabu matundu ya kadi hajui kusoma 22A? Wewe ndiye mwenye duka, unapima upepo kama wateja wameshtuka.

KahawaChungu
Nilisema uzi ufungwe.

ChaliiWaSakina
Mwenye duka angeandika 22A hadharani? Neno Gold lipo kwenye boksi tu, kwenye chuma halipo. Nimeliangalia sasa hivi kwenye picha.

SoketiTatu
Hapo nimekuelewa. Boksi linachapishwa popote. Hiyo swichi nayo, ikiachwa kwenye 115 halafu uchomeke kwenye 230 yetu, kapasita za volti 200 zinapewa zaidi ya 300 kila moja. Utasikia mlio wake.

ChaliiWaSakina
Nikiitumia kwa muda tu, nikapunguza nguvu ya kadi kwa programu?

Pini24
Programu inapanda baada ya Windows, na miruko ya kadi haiishi. Kuanza bila kadi nako huwezi, 5600 haina grafiki ndani, hiyo ni 5600G. Mwambie abadilishe, uongeze hela. Unatafuta 12V ya ampia 45 kwenda juu, waya mbili za kadi, bila swichi nyekundu.

ChaliiWaSakina
Nimempigia. Hela harudishi, ila ana 650 ya Bronze, daraja la chini ya Gold, niongeze laki na ishirini. Amenitumia stika: +12V 54A. Swichi nyekundu haina.

Pini24
54 mara 12 ni 648, hesabu inakubali. Kabla ya kulipa hakikisha ni waya mbili tofauti, siyo mmoja wenye vichwa viwili, na kila tundu la kadi ulipe waya wake. Pini 8 za prosesa ni 4+4, za kadi ni 6+2, usilazimishe. Kama waya zinachomolewa, tumia zilizokuja nayo tu. Za saplai nyingine zinaingia vizuri kabisa ila mpangilio wa pini upande wa saplai unatofautiana, SSD inaungua sekunde ileile. Ikiwaka, weka gemu zito, pima waya wa njano na mweusi kwa mita. Isishuke chini ya 11.4 wala kuvuka 12.6.

RauMadukani
Na UPS chukua 1200VA.