Udongo umegeuka saruji, naomba ushauri kabla ya mvua

MkulimaMgeni: Wakubwa, salamu. Nina kashamba hapa Lubumbashi. Mvua ikipita, juu panakauka ganda gumu, mbegu inachipua chini inashindwa kutoka. Jembe linadunda. Nataka lenga-lenga (mchicha) na matembele, na Novemba hiyo inakuja. Nitie samadi ya kuku, mboji au unga wa mbao?

Mama_Fefe: Unga wa mbao mbichi usithubutu! Ukioza unainyang'anya mboga naitrojeni, utavuna majani ya njano. Changanya na samadi, geuza mpaka lundo lipoe. Ya kuku nayo ikiwa mbichi inaunguza miche.

Papa_Kichuguu: Sisi kijijini tulibomoa kichuguu tukakimwaga shambani. Udongo wake hauna uchachu kama huu mwekundu. Mahindi yale, acha tu! Baba mdogo alikuta nyoka ndani, siku hizi vichuguu anavisalimia kwa mbali.

Mtumishi77: Vijana mnataka dawa ya haraka. Ardhi inataka jasho na sala.

Mwalimu_Tabu: Tumbukiza bonge kavu kwenye glasi ya maji. Likisambaratika palepale, hakuna mboji ya kugandisha chembe. Ila shamba liko mtaa gani?

MkulimaMgeni: Mtaa unahusu nini? Nimeuliza mbolea.

Mwalimu_Tabu: Upande gani wa bomba la moshi la kiwanda cha shaba, ndugu?

MkulimaMgeni: Haya, Penga Penga. Lakini watu wanaishi pale. Samadi nimeshalipia, lori linakuja Jumamosi, na wamama wa sokoni wameshanipa advansi.

Mwalimu_Tabu: Nilijua tu. Shaba ilianza kuyeyushwa pale kiwandani 1911, na upepo wa kusini-mashariki ukapeleka moshi huko miaka na miaka. Udongo wa juu una metali zenye sumu: shaba, risasi, kadimi. Watafiti walijaribu chokaa na mboji hapohapo Penga Penga: uchachu ulishuka, nyasi zikashika. Metali lakini hazikwenda popote, zimetulizwa tu. Lenga-lenga inaweza kufyonza kadimi na jani likapendeza machoni. Panda nyasi zizuie vumbi. Mboga kalime kwingine, na udongo wa huko upimwe kwanza.

MkulimaMgeni: Nikiweka chokaa nyingi je? Majirani wanakula mboga za hapo na wako wazima.

Mtoto_wa_Kenya: Jamani, hii ni stori ya kutunga! Juzi huyuhuyu alikuwa anauza pikipiki humu. Na nani anatoa advansi ya mboga ambayo haijaota?

Papa_Kichuguu: Mimi nilishatoa. Sikuona mboga wala pesa.

MkulimaMgeni: Pikipiki ndiyo iliyonunua kiwanja. Kilikuwa bei rahisi.

Mtoto_wa_Kenya: Hukujiuliza kwa nini?

Mama_Fefe: Mwacheni. Mdogo wangu, lori lije kwangu njia ya Kasapa, nakurudishia nusu ya pesa.

MkulimaMgeni: Nusu, mama?

Mama_Fefe: Na usafiri juu yako.