Mtoto viganja vyekundu na ngozi inabanduka, sisi wazazi wazima. Naomba ushauri

MchunyaHalisi: Wakuu salaam. Binti yangu ana mwaka na nusu, usiku hatulali, analia, jasho linamtoka mpaka shuka linaloa, viganja na nyayo vyekundu halafu ngozi inabanduka. Zahanati wakasema fangasi, tumepaka dawa wapi. Bibi yake anasema kapigwa jicho. Tunakula chungu kimoja, tunalala chumba kimoja, inakuwaje anaumwa yeye tu?

MamaTukuyu: Pole baba. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo kumbe sabuni ya unga, nilikuwa nakaa kwa wifi yangu Mwanjelwa na yule wifi kwa kubana matumizi, acha tu.

KijanaWaIpogolo: Vijana mnazaa halafu mnatibia mtandaoni. Mpeleke hospitali.

NesiWaKanda: Mkuu kazi yako ni ipi? Upo Chunya na hujasema.

MchunyaHalisi: Mchimbaji mdogo, ila mtoto hafiki machimboni.

NesiWaKanda: Dhahabu unachomea wapi?

MchunyaHalisi: Jikoni kwangu, usiku. Kule ukichoma kila mtu anajua umepata ngapi. Dirisha nafungua, yeye anakuwa kashalala. Mimi navuta moshi huo miaka yote na nadunda. Na kwa mganga nishalipa, tunaenda Jumamosi.

NesiWaKanda: Sikiliza baba. Zebaki unayokamatia dhahabu, ukiichoma inageuka mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, ni mzito kuliko hewa unashuka chini, na chini ndo anakotambaa yeye. Kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko wewe, mikono inatoka sakafuni inaingia mdomoni, ubongo ndo kwanza unajengwa. Jiko likizima, iliyoganda ukutani na kwenye nguo zako za kazi inaendelea kutoa mvuke. Na si zebaki tu, Zamfara kule Nigeria mwaka 2010 walisaga mawe ya dhahabu majumbani, yalikuwa na madini ya risasi, wakafa watoto zaidi ya 400. Risasi ikimezwa, mwili wa mtoto unafyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima.

MzeeWaMafinga: Hii chai. Nani anachomea zebaki anapolala mwanae? Huyo na nesi ni mtu mmoja ana ID mbili.

Makongolosi_Boy: Mzee huku wengi tu wanachomea nyumbani.

MchunyaHalisi: Chai gani mzee? Nakamua kwenye kitambaa, kidonge cheupe naweka kwenye kopo juu ya mkaa mpaka kiwe njano. Mtoto simtungii. Chupa ya zebaki naificha chini ya kitanda.

NesiWaKanda: Chini ya kitanda!! Mtoe mtoto humo leo, alale kwa bibi yake, usimpelekee nguo wala godoro la hapo. Kesho asubuhi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, taja zebaki mwenyewe apimwe mkojo na damu, usisubiri waulize. Zebaki ikimwagika hapo usifagie, unaitawanya tu.

MchunyaHalisi: Na hela ya mganga?

NesiWaKanda: Iache.

MamaTukuyu: Samahani nesi, na hizi dawa za viazi? Mume wangu pampu anaioshea kwenye beseni tunalomuogeshea mtoto.