Nakunjaje bati la zamani bila rangi kubanduka? Natengeneza Bedford ndogo

Kijana wa Isevya
Wakuu, salaam. Niko Tabora mjini. Huu ni mwezi wa pili natengeneza mfano wa lori Bedford J, lile la boneti, kwa kipimo cha 1 kwa 10. Chasisi nimechonga kwa mninga, springi nimezikata kwenye mikanda ya chuma ya kufungia mizigo. Imebaki kabini. Nina kipande cha bati jekundu la zamani, sentimita 40 kwa 30, na rangi yake ileile. Nimejaribu kukunja kona moja, rangi ikapasuka na kudondoka magamba. Tangu hapo sijaligusa tena. Nifanyeje rangi ibaki? Nina siku chache.

Fundi wa Gongoni
Karibu. Kabla ya rangi, lina unene gani? Na limetoka kwenye nini?

Kijana wa Isevya
Kama milimita moja. Nilikuwa nalo nyumbani.

Fundi wa Gongoni
Basi liache. Milimita moja kwa kipimo chako ni sentimita nzima kwenye lori halisi, kabini itakuwa nzito kama kifaru. Tafuta debe la mafuta ya kula. Bati lake ni jembamba, linakatika kwa mkasi na kukunjika kwenye ukingo wa meza. Rangi ya uzee utaitengeneza mwenyewe: praima, kisha puliza kahawia ya kutu, iache ikauke. Lowesha kwa maji pale ambapo gari huoza kwanza, yaani chini ya milango na kwenye mapindo ya madigadi, nyunyiza chumvi ya mawe, ikishika puliza nyekundu juu. Ikikauka sugua chumvi itoke. Kutu itachungulia yenyewe.

Dada wa Mwandiga
Umenikumbusha Fiat 682 la mjomba wangu hapa Kigoma, lilikuwa likipanda na madebe ya mawese na magunia ya dagaa. Kwenye mlima utingo anashuka, anatembea nyuma ya tairi na kigogo mkononi, tayari kukitia lori likirudi nyuma. Nilikuwa mdogo, nikaamini yeye ndiye anayelisukuma. Mpaka leo nikisikia lori linalia mlimani namtafuta yule kaka wa kigogo. Usisahau kigogo, mdogo wangu. Kining'inize nyuma kwa mnyororo.

Mdau wa Kaliua
Bati jekundu la milimita moja halikai tu nyumbani. Hilo ni la gari. Gari la nani?

Kijana wa Isevya
Sawa, niseme. Baba alifariki mwezi wa pili. Aliacha Bedford iliyolala uani miaka mingi, aliipata kwa Wazungu wa ule mradi wa karanga wa Urambo. Kaka yetu mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi na ameshapatana na mnunuzi wa chuma chakavu, anakuja Jumamosi. Kwenye mlango wa dereva baba aliandika kwa brashi yake mwenyewe jina lake, sanduku la posta na uzito wa gari. Nilikata usiku kwa msumeno wa chuma. Kipande changu kina herufi nne za mwanzo, tatu zimebaki mlangoni. Sikukusudia kupasua jina, ndani kuna upapi, ukanda wa kuupa mlango nguvu, na msumeno ukagoma. Lakini sijutii. Lori linauzwa kwa kilo, na kwenye mzani mwandiko wa baba hauna bei. Nisingekata, ungeyeyushwa.

Mama wa Ujiji
Pole kwa msiba, mwanangu. Ila mali ya marehemu haiguswi kabla haijagawanywa, hata kijiko. Leo mlango, kesho mwingine atakata shamba usiku. Nenda kwa kaka yako kabla mnunuzi hajaja.

Utingo Mstaafu
Mwambie kaka mchwa wameula huo mlango. Tabora mchwa wanaweza!

Mdau wa Kaliua
Wakuu, hii ni chai. Nyumbani kwangu na Urambo ni jirani, habari za karanga tumezikuta kwa wazee. Mradi ule Waingereza waliuanza 1947, wakaufunga 1951. Bedford J ilitoka kiwandani Dunstable 1958. Bedford ya zama za karanga ni O, ile ya pua ya mviringo, iliyoanza 1939 na kukoma 1953. Mzungu wa karanga aliuzaje gari ambalo halijaundwa? Mnamlilia mtu aliyetunga.

Dada wa Mwandiga
Jamani, kwa hiyo nimetoa machozi bure?

Fundi wa Gongoni
Anayetunga hawezi kujua upapi wa ndani ya mlango.

Mdau wa Kaliua
Upapi kila mtu anaujua. Mleta mada, toka nje sasa hivi usome namba ubavuni mwa matairi. Yote.

Kijana wa Isevya
Nimetoka na tochi. Mbele yote mawili 8.25-20. Nyuma matatu ni 8.25-20, moja la nje kulia ni 9.00-20. Na kuhusu karanga sikudanganya, niliunganisha vibaya. Nimempigia shangazi. Anasema baba alikuwa utingo wa malori ya karanga akiwa kijana, hili alilinunua mkononi miaka ya 70 akibeba tumbaku. Alikuwa akizisimulia pamoja, nami nikazishika pamoja.

Mdau wa Kaliua
Naomba radhi, ndugu yangu. Anayetunga huweka matairi yanayolingana. Pole kwa baba.

Fundi wa Gongoni
Sasa nisikilize. Hizo herufi zina kimo gani?

Kijana wa Isevya
Sentimita tano.

Fundi wa Gongoni
Kwenye mfano zinatakiwa milimita tano, kwa hiyo kipande hicho hakina kazi kwenye kabini hata kingekunjika. Usikikunje tena. Bandika karatasi ya kalenda kwenye kipande na kwenye mlango, sugua kwa mkaa, upate mwandiko wote. Ukaupunguze stesheneri kwa mashine ya fotokopi, kisha uuchore kwa brashi ya unywele mmoja. Na kaka yako umwambie.

Kijana wa Isevya
Siwezi. Hamjui alivyo.

Kijana wa Isevya (siku ya pili)
Nimemwambia. Hakunijibu. Alipitisha kidole kwenye ukingo nilipokata, akasema nipige tupa watoto wasijikate. Jioni nimekuta ameufungua mlango bolti kwa bolti, ameuegemeza sebuleni. Herufi nimezisugua, zote saba ziko kwenye karatasi moja. Mdau, lile tairi lisilolingana nilifanye hivyohivyo?

Mdau wa Kaliua
Hivyohivyo. 8.25-20 ina kipenyo cha kama sentimita 97, 9.00-20 inakaribia 102. Kata kandambili upate matairi matano ya sentimita 9.7 na moja la 10.2. Kila tairi gundisha vipande viwili ili upana ufike sentimita mbili, na hilo kubwa likae nje, kulia.