Mwezi wa kwanza wa mazoezi na kula vizuri umeisha, nyie mnapimaje kama umeenda vizuri? (niko Tanga mjini)

BintiMakorora

Habari zenu wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada wa mawazo maana hili jambo limenikaa kichwani tangu juzi. Mwanzoni mwa mwezi uliopita nilijiwekea malengo nikayaandika nyuma ya daftari la hesabu za duka: kutembea kwa miguu jioni, kupunguza sukari kwenye chai, mboga za majani kila mchana, kuruka kamba asubuhi, na kulala kabla ya saa nne usiku. Mama yangu ana presha na sukari vyote viwili, shangazi naye hivo hivo, afu mimi kazi yangu ni kukaa dukani kutwa nzima, nikaona nisisubiri mpaka na mimi niitwe jina kliniki ndo nianze kuhangaika.

Sasa nimekaa na daftari langu naangalia. Kutembea kumekubali kuliko vyote, ikifika saa kumi na moja namwachia mdogo wangu duka nakata mitaa ya Ngamiani mpaka bustani ya Jamhuri pale juu ya bandari, nikipata mwenzangu tunaunganisha mpaka Raskazone, ule upepo wa bahari unakufanya husikii umetembea. Sukari nimetoka vijiko vitatu kila kikombe mpaka kimoja na sa hivi chai ya vijiko vitatu siwezi hata kuimaliza. Mboga nazo zimeenda, tembele na mchunga sokoni havikosekani. Kulala mapema nusu kwa nusu. Kamba ndo haijashika kabisa, asubuhi kuna watoto wa kuandaa waende shule na duka linataka kufunguliwa, muda wenyewe haupo.

Afu nimeenda kupima uzito duka la dawa, hata kilo moja haijashuka! Na hapo magauni yangu mawili yanapwaya kiunoni na ngazi za kwa dada yangu ghorofani napanda huku naongea. Jirani yangu ananiambia kama kilo hazijashuka basi mwezi mzima nimetembea bure. Mimi sikubaliani naye ila sina cha kumjibu. Kwahiyo maswali yangu ni mwisho wa mwezi nyie mnaangalia nini hasa, na lengo ambalo halijashika unaling'ang'ania mwezi wa pili au unaliweka pembeni?

NesiWaPwani

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana tena sana, huo mwezi umefanya kazi. Mimi ni muuguzi, watu wa presha na sukari ndo wagonjwa wangu wa kila wiki, nikueleze ninavyojua.

Mizani kwa mwezi mmoja inadanganya watu wengi na sababu kubwa ni maji. Wanga ambao mwili unauhifadhi kwenye misuli na ini unakaa pamoja na maji, kila gramu moja inashika kama gramu tatu za maji, ukila chumvi nyingi leo kesho mwili umeshika maji, na sisi wanawake tukikaribia siku zetu wengine tunaongezeka hata kilo nzima na wala sio mafuta. Kwahiyo kama mara ya kwanza ulipima umetoka kwenye siku zako na mara ya pili unazikaribia, hizo namba mbili huwezi kuzilinganisha. Pima asubuhi ukishatoka chooni, hujanywa chai, mizani ile ile, na linganisha wiki ile ile ya mzunguko wako.

Kilichonifurahisha mimi ni hayo magauni. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia tumbo katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua kawaida usibane tumbo, soma. Kwa mwanamke ikizidi sentimita 80 hatari ya sukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda, ikizidi 88 imepanda sana. Mafuta yanayokaa tumboni kuzunguka viungo vya ndani ndo yenye shida, na hayo yanaweza kupungua huku mizani imekaa pale pale. Kiuno kikipungua hujatembea bure, huyo jirani mjibu hivo.

Kingine ambacho hakina gharama ni mapigo ya moyo. Asubuhi kabla hujainuka kitandani weka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima, andika. Kawaida ya mtu mzima ni kati ya 60 na 100, moyo ukizoea mazoezi huwa unashuka taratibu, utaona mwezi kwa mwezi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa mara tano, na siku mbili za mazoezi ya kukaza misuli. Wastani ni ile hali unatembea unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Kama kwenda Raskazone unaimba ongeza mwendo mdogo wangu.

KakaChumbageni

Dada hongera. Nesi kaongea vizuri ila mimi mizani siitupi. Mimi shida yangu ilikuwa magoti, daktari aliniambia bila kupunguza uzito hayatatulia, kwahiyo kwangu mimi kilo ndo lengo lenyewe na nazifuatilia. Ila sipimi kila siku, napima Jumatatu tu naandika, mwisho wa mwezi naangalia mstari wote unaelekea wapi sio namba ya siku moja. Wanaopunguza taratibu nusu kilo mpaka kilo kwa wiki ndo wanaambiwa wako salama, sasa mtu akiona mwezi wa kwanza haujashuka asikate tamaa ila na miezi mitatu ikipita haijasogea na bado anahitaji kupungua inabidi aangalie sahani yake, mazoezi peke yake hayatoshi kushinda chipsi mayai za kila usiku.

Kuhusu kamba mimi nasema usiiache, ihamishe. Lengo lako ni zuri ila umeliweka kwenye saa ambayo sio yako, asubuhi ni ya watoto. Hapo dukani mchana wateja wanapopungua simama, shika kaunta, piga skwati, pushapu za ukutani, ndo hizo siku mbili za misuli anazosema nesi, hubadilishi nguo wala hutoki jasho la kukimbilia kuoga. Na joto letu la Tanga la mchana kamba yenyewe ungeichukia.

Afu kama una baiskeli unangoja nini, mji wetu wote tambarare, wazee wetu wameuendesha miaka na miaka. Mimi bodaboda nimeacha kwa safari zote za mjini, naenda kazini na baiskeli narudi na baiskeli, hiyo siihesabu hata kama mazoezi na ndo maana imedumu.

Na kama simu yako inahesabu hatua usiumizwe na zile elfu kumi, ile namba ilianzia Japani mwaka 1965 kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa, haikutoka hospitali. Utafiti wa Marekani uliotoka 2019 kwa wanawake wazee ulionyesha kwamba waliofika kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na afadhali kubwa kuliko waliotembea kidogo sana, na faida ikaendelea kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi ikatulia. Kutoka Makorora mpaka bandarini na kurudi uko vizuri sana.

MamaLishe_Barabara12

Marahaba mwanangu. Nimesoma nikasema na mimi nichangie upande wa jiko maana mnaongea miguu tu hapa. Hiyo sukari uliyotoa usiidharau hata kidogo. Kijiko kimoja cha chai kina kama gramu nne, vijiko vitatu ni kumi na mbili, mtu anakunywa vikombe vitatu kwa siku hapo ni gramu 36 na hajala andazi, hajanywa soda, hajapita kwa muuza juisi ya miwa. Wanasema mtu asizidi gramu 50 kwa siku na akiweza abaki kwenye 25. Soda ya kola ya mililita 350 peke yake inapita gramu 35. Wateja wangu nawaambia kila siku hamuoni sukari sababu mnaikunywa.

Mwezi unaokuja mwanangu nakushauri usiongeze lengo lingine la mazoezi, angalia chumvi na mafuta, kwa mtu ambaye mama yake ana presha hapo ndo penyewe. Chumvi ya siku nzima wanatuambia isifike gramu tano, yaani kijiko kidogo cha chai na humo imo na ile ya kwenye mkate na vile viungo vya paketi vya mchuzi. Mimi kwenye mchuzi wa samaki nimeongeza ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari, chumvi nimepunguza kwa zaidi ya nusu na hakuna mteja aliyeniuliza. Nazi siachi, Tanga bila nazi tutakula nini, ila mboga natia tui la pili lile jepesi, tui zito naliacha kwa siku maalumu. Samaki ale wa kuchemsha na wa kupaka zaidi kuliko wa kukaanga kwenye mafuta yaliyorudiwa rudiwa. Bada (ugali wa muhogo) na wali wala visiwatishe jamani, ni chakula chetu, pima tonge tu, mboga ijaze nusu ya sahani ndo wali upewe nafasi iliyobaki, msijibebeshe hizi dayati za kwenye video za watu wanaokula vitu ambavyo hata soko la Mgandini huvioni.

BintiMakorora

Jamani asanteni mno, wallahi nimesoma kila neno. Mama shikamoo tena, hiyo ya gramu 36 nimemsomea mama yangu kaweka kikombe chini kabisa. Nesi nimepima kiuno leo asubuhi ni sentimita 86, kwahiyo hicho ndo nakianzia, na kamba kaka nimeihamishia dukani kama ulivyosema ila ni skwati na ukuta, Jumanne na Ijumaa mchana. Chumvi naanza na mchuzi wa leo. Kulala nitaweka simu chumba cha watoto maana ndo inayonikesheza. Nesi swali la mwisho, mimi bado kijana, je nikapime na presha na sukari au nisubiri dalili?

NesiWaPwani

Usisubiri dalili mdogo wangu, presha kwa wengi haina dalili kabisa na sukari inaweza kukaa miaka kimya. Kwa mtu mwenye mzazi mwenye vyote viwili nenda sasa hivi hata kituo cha afya cha karibu. Presha kaa kwanza dakika tano mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono usawa wa moyo, na usiende umetoka kutembea wala kunywa kahawa nusu saa nzima kabla. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi usijipe jina la ugonjwa siku hiyo hiyo, inarudiwa siku nyingine. Sukari nenda hujala tangu usiku, ikiwa 7.0 na kuendelea lazima irudiwe na uonane na daktari, na hata ikiwa chini kidogo ya hapo waulize maana kuna hatua ya katikati ambayo kutembea na kula vizuri vinawarudisha watu wengi nyuma. Na mama naye asiache dawa zake kwa sababu mmeanza kula vizuri, hilo nakuomba sana, nimeona watu wanaacha presha ikitulia halafu wanaletwa na kiharusi. Daktari ndo anapunguza dozi.

KakaChumbageni

Dada Jumamosi sisi watu kama sita hivi tunatoka Jamhuri saa kumi na mbili asubuhi tunatembea mpaka Raskazone na kurudi, wanawake wapo, mmoja anakuja na mama yake. Hatukimbii. Njoo na chupa ya maji na raba, na kama mama yako anaweza mwendo mfupi tutamsubiri pale hospitali ya Bombo tunaporudi aungane nasi kipande cha mwisho.

BintiMakorora

Nakuja kaka, na mama kasema atakuwepo Bombo.