Ngome ya Dunscaith, Kisiwa cha Skye: je, daraja lake bado linavukika?

Mtembezi: Salaam, ndugu zangu. Mwezi Mei nakwenda Skye, kisiwa cha Uskoti, na gofu ninalolitamani zaidi ni la Dunscaith, katika rasi ya Sleat, ngome ya ukoo wa MacDonald iliyojengwa juu ya mwamba uliotengana na nchi kavu. Nimetazama picha za daraja lake nikashindwa kuelewa mtu anavukaje. Je, inafaa kuingia ndani, na kuna kiingilio?

Kumbukumbu: Kiingilio hakuna, wala mlinzi. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inamruhusu kila mtu kupita kwa miguu katika ardhi ya wazi mradi asiharibu kitu, ila ruhusa hiyo haihusu majengo. Ama daraja, kilichosalia ni kuta zake mbili za ubavuni tu. Sakafu ilikwisha kuporomoka, hivyo anayevuka hujibana ukutani akitafuta pa kukanyaga, huku chini yake kukiwa na mawe matupu. Ng'ambo kuna uwazi wa mlango, na hapo bado yanaonekana matundu yaliyoshika mhimili wa daraja la kuinuliwa, kisha ngazi ya mawe inayopanda ndani. Mimi niliishia kwenye ukingo wa huku, na sijutii.

Babu Nahodha: Naungana na mwenzangu, ingawa rafiki yangu mmoja alivuka. Alichokikuta juu ni nyasi, vipande vya kuta na kisima, kwa kuwa akina MacDonald waliihama mwanzoni mwa karne ya 17 na kuifanya Duntulm, kaskazini mwa kisiwa, kuwa makao yao. Uzuri wenyewe uko nje: shuka ufukweni maji yakipwa, uangalie jinsi kuta zilivyoota kutoka kwenye jabali hata usijue mwamba unaishia wapi na kazi ya mwashi inaanzia wapi, kisha uinue macho uone milima ya Cuillin ng'ambo ya maji.

Jina la ngome kwa Kigaeli, lugha ya asili ya huko, Dùn Sgàthaich, linamtaja Sgàthach, mwanamke shujaa ambaye ngano zinasema alimfundisha Cú Chulainn wa Ireland mbinu za vita. Ngano hizo ni kongwe kuliko mawe utakayoyaona, kwa hiyo usimsadiki atakayekuonyesha chumba chake.

Mama Safari: Feri ya kutoka Mallaig, bandari ya bara, itakushusha Armadale, huko huko Sleat. Kutoka hapo hadi Tokavaig, kijiji kilicho karibu na ngome, barabara ni nyembamba, gari moja kwa wakati, hivyo usiegeshe kwenye sehemu za kupishana. Jipake dawa ya visubi upepo ukitulia, na funga kila lango la malisho unalolipita.

Mtembezi: Nawashukuru nyote. Nia ya kuvuka nimeiacha. Nitachukua darubini, na nitaangalia ratiba ya maji kupwa kabla sijakata tiketi ya feri.