Tovuti ya biashara: templeti za Wix na Shopify, au kutengenezewa kuanzia sifuri?

Mchuuzi_Mpya ameandika:
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla hela haijatoka mfukoni. Biashara yangu sasa inahitaji tovuti, wateja wananiulizia kila siku. Njia zilizopo mbele yangu ni mbili. Nijiunge na Wix au Shopify, zile huduma za kulipia za kujengea tovuti, nichague templeti (muundo uliokwisha kutengenezwa) nipange mwenyewe, au nimlipe developa anitengenezee yangu peke yangu. Developa ameshanitumia mkataba, anataka jibu wiki hii. Ipi bora?

BintiSeva:
Karibu mkuu. Hili halijibiki hivi lilivyo. Unauza nini? Bidhaa zako ni kumi au elfu? Bei ikibadilika nani anaingia kuibadilisha, wewe au unampigia fundi? Mteja analipia humo humo au anapiga simu mkaelewane? Na huo mkataba unasemaje kuhusu msimbo (maandishi ya programu yanayoendesha tovuti) na domeni (jina la anwani ya tovuti)? Bila hayo kila mtu hapa atakushauri anachokipenda yeye.

Msimbo_Safi:
Mimi sisubiri majibu. Tengenezewa. Hizo templeti utazilipia kila mwezi milele, na siku ukitaka kuhama ndipo utajua ulikuwa mgeni. Tovuti ya Wix huwezi kuipakua ukaipandisha kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine inayohifadhi tovuti. Shopify bidhaa zako utazitoa kwa faili la CSV, la jedwali, sawa, lakini muonekano wote umeandikwa kwa Liquid, lugha yao ya templeti, utabaki huko huko. Hata anwani za kurasa wanakupangia: bidhaa lazima ikae chini ya /products/, upende usipende. Chukua Laravel au Django, mifumo ambayo developa hujengea tovuti, kabidhiwa msimbo wako, maisha yaendelee.

BintiSeva:
Yaendelee vipi? Laravel inatoa toleo kubwa karibu kila mwaka, na kila toleo linapata marekebisho ya usalama kwa miaka 2 tu. Baada ya hapo nani anapandisha toleo? Huyo developa atakuwa ameshapata ajira, simu hapokei.

Msimbo_Safi:
Django ina matoleo ya LTS, yaani ya kuhudumiwa muda mrefu, yanahudumiwa miaka 3. Na developa wa kueleweka unamwekea mkataba wa matunzo.

BintiSeva:
Kwa hiyo malipo ya kila mwezi yamerudi kwa mlango wa nyuma. Asante.

Nahodha77:
Wacha niwape kisa, maana mnabishana kama vile hizi ni njia mbili zilizotenganishwa na ukuta.

Kazini kwetu tuliamua kutengenezewa. Kampuni (jina naliacha) ikatuuzia "tovuti ya kipekee, kuanzia sifuri", na bei ikafanana na maneno hayo. Ilipokamilika ilipendeza kweli. Baadaye nikawa na sababu ya kuingia kwenye mafaili, nikafungua style.css, faili la muonekano. Mistari ya juu kabisa imeandikwa jina la templeti ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) na jina la aliyeitengeneza, templeti inayouzwa kwa yeyote mtandaoni. Walichobadilisha ni rangi na nembo.

Hilo tungelimeza. Shida ni kwamba ndani ya templeti kulikuwa na plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kutembeza picha za ukurasa wa mbele. Leseni yake ni ya muuza templeti, si yetu, kwa hiyo haikuwa inajisasisha, na hakuna aliyetwambia. Watu wakaingilia hapo hapo. Na wezi hawa wana akili: wewe mwenye tovuti ukiandika anwani moja kwa moja, kila kitu kiko sawa. Ukija kwa simu ukitokea kwenye matokeo ya Google, unatupwa kwenye tovuti ya kamari. Wateja wanalalamika, sisi tunafungua kwenye kompyuta ya ofisini, tunaona ukurasa wetu umetulia, tunawajibu "simu yako ina virusi". Hadi mteja mmoja akarekodi skrini yake akatutumia video.

Kampuni ikajibu tufute kumbukumbu za kivinjari. Tukafuta. Wapi! Tulipobanana nao ndipo wakasafisha, ikakaa sawa kidogo, ikarudi tena. Kumbe kwenye folda ya uploads, inayotakiwa kuwa na picha na nyaraka, kulibaki faili la .php, yaani la programu, na kwenye orodha ya watumiaji kuna msimamizi mwenye jina ambalo hatulijui. Mlango wamefunga, mwizi yuko chumbani.

Kwa hiyo Mchuuzi, usiulize tu "templeti au developa". Muulize huyo developa anaanzia wapi, na akuonyeshe.

Msimbo_Safi:
Hapo umenisaidia hoja. Hiyo ilikuwa templeti!

BintiSeva:
Hapana, hiyo ilikuwa seva yenu wenyewe bila mtunzaji. Ingekuwa Shopify au Squarespace, huduma nyingine kama Wix, kusasisha mfumo wangefanya wao, huna hata pa kuingizia faili la .php.

Kasi_Kwanza:
Naona hakuna aliyegusia kasi. Google wanataka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na tangu Machi 2024 wanapima pia INP, yaani ukibonyeza kitu ukurasa unachelewa kiasi gani kuitikia, isizidi milisekunde 200. Templeti nyingi zinabeba mizigo ya vitu usivyovitumia.

BintiSeva:
Nusu ya hizo "tovuti nzito" ninazoletewa, tatizo ni picha iliyotoka kwenye kamera ya simu ikapandishwa nzima nzima. Ukimpa mtu huyo Django, ataipandisha vile vile.

Mzee_wa_Jedwali:
Vijana, swali dogo. WordPress mnaiweka upande gani? Maana mmoja anaiita templeti, mwingine seva yenu wenyewe.

Msimbo_Safi:
Templeti.

BintiSeva:
Programu huria, yaani ya bure na msimbo wake uko wazi, tangu 2003. Unaweza kuiwekea templeti ya kununua au ukaandika yako mstari kwa mstari. WordPress.com ndiyo huduma ya kulipia inayofanana na hao akina Wix. Watu wanachanganya hizi mbili kila uchao.

Msimbo_Safi:
Ukishaweka plagini thelathini juu yake, huo si uhuria tena, ni jalala.

Mzee_wa_Jedwali:
Haya. Mimi kwa Mchuuzi nina la kumwambia moja, njia yoyote atakayochukua. Domeni aiandikishe yeye, kwa jina lake na barua pepe yake binafsi, si ya developa, na asiitumie barua pepe ya hiyo hiyo domeni kuisajili, ikifa atafungiwa nje. Pia barua pepe za biashara asizifunge pamoja na seva ya tovuti. Nimeshuhudia watu wanahamisha tovuti usiku, asubuhi oda haziingii kwa sababu rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe za domeni, zilisahaulika.

Mchuuzi_Mpya:
Wakuu samahani, kazi zilinibana. Asanteni, ingawa mmenichanganya zaidi 😅. Kujibu BintiSeva: kwa kweli siuzi. Nakodisha vifaa vya ujenzi: jenereta, mashine za kuchanganya zege, majukwaa ya chuma. Mteja anachagua tarehe, anaweka dhamana, akirudisha salama anarejeshewa. Kwa sasa naandika kwenye daftari na kuna siku jenereta moja inaahidiwa watu wawili.

BintiSeva:
Mkuu!! Hilo ndilo ungeanza nalo.

Msimbo_Safi:
Uzi mzima tumebishana juu ya duka, kumbe hana duka 😂

Mzee_wa_Jedwali:
Hapa mambo yanageuka. Duka la kawaida la Shopify linahesabu stoki: ikinunuliwa moja, imepungua moja. Halijui kwamba jenereta ikitoka Jumatatu itarudi Alhamisi. Unahitaji kalenda kwa kila kifaa.

BintiSeva:
Kuna app za kukodisha za Shopify, na WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress, ina nyongeza yao ya Bookings, ya kuweka nafasi kwa tarehe. Nisingemwambia mtu ajengewe mfumo kabla hajajaribu hizo.

Msimbo_Safi:
Zijaribu, ila zijaribu kwa ukatili. Wateja wawili wabonyeze jenereta ile ile sekunde ile ile, nani anaipata? Mteja akichelewesha kurudisha, mwenye zamu ya kesho anaarifiwa na nani? Mashine ikiwa kwa fundi, unaitoaje kwenye kalenda bila kuifuta? Ukiona app inakwama kwenye mojawapo, ndipo uandikiwe. Na uandikiwe hicho tu, si tovuti nzima.

Nahodha77:
Leo Msimbo_Safi amekubali templeti. Tuandike tarehe.

Msimbo_Safi:
Sijakubali. Nimesema ajaribu.

Kasi_Kwanza:
Mimi kwa sasa ningemwekea ukurasa mmoja wenye picha, bei na fomu, maombi yaingie kwenye jedwali, athibitishe mwenyewe kwa simu. Dhamana ya mashine hizo si ya kuachia kitufe.

BintiSeva:
Jedwali nalo litaahidi jenereta moja kwa watu wawili, tofauti na daftari ni kwamba litafanya hivyo kwa herufi nzuri.

Mchuuzi_Mpya:
Mkataba nimeusoma tena. Umeandika "mfumo kamili wa e-commerce", yaani duka la mtandaoni. Neno kukodisha halimo. Mwenzangu wa biashara naye ameibuka anasema tuachane na tovuti, tutengeneze app ya simu.

Mzee_wa_Jedwali:
Usisaini leo. Na la app fungulia uzi mwingine, humu tutakesha.

Msomaji_Kimya:
Samahani kuingilia. Mzee_wa_Jedwali, hiyo ya MX ndiyo imenikuta jana. Nimeelekeza domeni kwenye jukwaa jipya, tovuti inafunguka vizuri, barua pepe zimekata. Naanzia wapi?

Mzee_wa_Jedwali:
Ulibadilisha rekodi ya A (inayoelekeza tovuti) peke yake au seva za majina zote, zinazotunza rekodi zote za domeni? Kama ni seva za majina, rekodi zako za zamani zimebaki kule ulikotoka. Ingia kule kabla akaunti haijafungwa, nakili MX na zile TXT za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua pepe ni zako kweli, zibandike kwenye jukwaa jipya. Kisha tuma picha ya rekodi hapa, ila funika majina.